Nani Atawarudisha Mabinti Nyumbani?

Yapata saa sita ya usiku niligongewa mlango. Sisi wauguzi tumezoea kugongewa usiku, hasa hapa Kilangali ambapo watu wanajua nyumba ya nesi kuliko wanavyojua mlango wa zahanati. Nilidhani ni uchungu wa kujifungua. Nilipofungua nikakuta mabinti wanne wa chuo wamevaa jezi, nywele zimejaa vumbi jeusi, na mmoja wao ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia kama anayembeba mtoto mchanga.

Walikuwa wametoka kucheza netiboli ugenini. Gari walilokodi walikuwa wamelipia nusu. Nusu ya pili ingetoka kwenye zawadi ya mshindi. Hawakushinda. Mwenye gari alisubiri hadi saa kumi na moja jioni, akaona hakuna fedha, akaondoka zake. Mabinti wakasimama barabarani na mabegi yao mpaka giza likaingia, ndipo likapita lori la mkaa. Mwenzao alianguka akishuka juu ya magunia, mfupa wa mkono ukavunjika.

Nilimfunga mkono kwa vipande vya boksi na bandeji, nikautundika kwa khanga yangu, na kulipokucha akapelekwa hospitali. Amepona vizuri, namshukuru Mungu. Lakini mimi nilibaki na jambo moyoni. Wiki moja kabla ya safari ile binti mmoja alipita nyumbani kuomba mchango, nami nikatoa shilingi 2,000 na kumtakia ushindi. Sikumuuliza watarudije. Mimi niliyesomea uuguzi, na nina binti, sikuuliza.

Akina mama wenzangu, makala haya si ya kuwakataza mabinti kucheza. Ni ya kueleza jinsi tulivyokaa na mabinti wale mwaka uliofuata, tukapanga ratiba yao ya msimu mzima na bajeti ya safari, na jinsi kila kitu kilivyobadilika tulipoanza hesabu kwa kuuliza watarudije.

DAFTARI LA NAHODHA

Timu yenyewe si timu rasmi ya mashindano. Vyuo vya ualimu vina michezo yao ya UMISAVUTA, shule za sekondari zina UMISSETA, na huko serikali na wakuu wa shule au vyuo ndio wasimamizi. Hii ni klabu tu. Mabinti wa chuo kimoja cha wilayani kwetu Kilosa wanapenda mpira wa pete, chuo kimewapa uwanja, na mengine wajitafutie. Kadhaa wao ni watoto wa hapa Kilangali, na nahodha ni binti wa jirani yangu.

Alikuja siku moja baada ya ibada, akapiga goti kidogo kama walivyo watoto waliolelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mkono wa mwenzako?"

"Umepona mama. Tumekuja na daftari."

Daftari lilikuwa safi, mistari imepigwa kwa rula. Walitaka kwenda Kimamba, Dumila, Mikumi, Morogoro mara mbili, Ifakara, na kumalizia Dodoma. Safari saba. Chini waliandika jumla ya gharama: shilingi 870,000. Nikaona si haba. Nikauliza kama hizo ndizo gharama zote, akanyamaza, kisha akasema kwamba hizo ni za malipo ya awali, nusu ya kila gari. Nyingine zitapatikana hukohuko.

Tukakaa jikoni kwangu, mimi, yeye na mama yake, tukaandika upya. Gari dogo la abiria, Hiace, kwenda na kurudi siku moja kutoka Kilosa mjini, lilikuwa na bei hizi kwa wenye magari tuliowauliza: Kimamba 60,000, Dumila 120,000, Mikumi 150,000, Morogoro 280,000, Ifakara 350,000, Dodoma 500,000. Kwenu bei zitakuwa nyingine, lakini njia ya kuhesabu ni ileile. Safari zote saba zikafika shilingi 1,740,000. Chakula hakikuwamo kabisa katika daftari. Wachezaji 12, mwalimu wa mchezo na mama wa kuwasindikiza ni watu 14. Ukimpa kila mmoja chakula cha hotelini cha shilingi 4,000 ni 56,000 kwa siku, na kwa safari saba ni 392,000. Jumla ikawa shilingi 2,132,000, na hapo hakuna aliyelala kitandani, maana Ifakara na Dodoma walikusudia kulala.

Mama yake nahodha, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno mengi, alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe zile nyingine mlitaka kulipa kwa nini?"

Hakuna aliyemjibu. Kila mama aliyekuwa jikoni pale alijua kwamba binti aliyekwama mbali na nyumbani usiku, bila nauli, wapo watu wengi wa kumsaidia, na wengi wao wana bei yao. Mimi ninawaona baadaye kliniki. Baadhi huja na mimba, wengine huja kupima VVU huku wanatetemeka. Mara nyingi ukiuliza ilianzaje, inaanza na lifti, au na chumba cha kulala walichogawiwa na wenyeji wasiowajua. Fedha inayopungua kwenye bajeti ya safari ya mabinti haipotei hewani. Kuna mtu atailipa, na mara nyingi atakuwa yule mdogo kuliko wote.

Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka sura ya 14, alitoa mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara asipige hesabu kwanza. Tumezoea kuhubiriwa sura ile juu ya uanafunzi. Siku ile niliisoma kama mweka hazina.

FEDHA KWANZA, MECHI BAADAYE

Tuliitisha kikao cha akina mama 20 wenye mabinti katika timu au wanaoipenda tu. Wapo waliokuja kwa ruhusa ya waume zao na wapo waliokuja kabla ya kuomba ruhusa. Baba mmoja alituma ujumbe kwamba mpira wa pete huishia kwenye mimba. Mkewe alisimama akasema kwamba mabinti wasiocheza nao hupata mimba, na kinachomwogopesha yeye ni lile lori. Akaketi. Kikao kikaendelea.

Tuliamua kutoandika mechi hata moja mpaka tujue tuna kiasi gani. Kila mchezaji atatoa 15,000 kwa msimu. Kwa wachezaji 12 ni 180,000. Kila mama atatoa 2,000 kwa mwezi kwa miezi mitano, Juni hadi Oktoba. Kwa akina mama 20 ni 200,000. Na kwa kuwa Kilangali ni nchi ya mpunga, mpaka shamba la serikali la kuzalisha mbegu tunalo hapa, tukakubaliana kila familia yenye shamba itoe debe wakati wa mavuno mpaka yajae magunia matatu. Gunia moja tungeuza mwishoni mwa Juni kwa kama 90,000, na mawili yasubiri Septemba bei ikipanda, tupate 105,000 kila moja. Hapo ni 300,000. Jumla ya yote 680,000.

Kutoka hapo tulitenga 68,000, fungu la kumi la fedha yote, iwe akiba ya njiani. Akiba hii haiguswi kwa jezi wala soda wala zawadi ya mwalimu. Ni ya gari kuharibika, ya mtoto kuugua, ya kuwapandisha watu 14 basi la kawaida kurudi nyumbani ikibidi. Anaibeba mama msindikizaji. Habebi mwalimu, na habebi nahodha. Nahodha alinuna kidogo kwa hili. Nilimweleza kwamba si kumdharau. Binti wa miaka 20 akiwa na fedha mfukoni na wenzake 11 wana njaa, ni kumtesa.

Zikabaki 612,000 za kuchezea msimu mzima. Ukizilinganisha na 2,132,000 utaona kwa nini mabinti wawili walilia.

Nikawasimulia habari moja iliyonigusa. Mwezi Agosti 2019 mabinti wa Kenya wenye umri chini ya miaka 19 walikwenda Peterborough, Ontario, nchini Kanada, kucheza kombe la dunia la lakrosi. Ni mchezo wa kukimbia na fimbo yenye wavu mdogo kichwani, wa kudaka na kurusha mpira, ulioanzia kwa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Hebu fikirini gharama ya kuvusha timu nzima bahari mbili mpaka Kanada! Walifika. Lakini hawakuwa na viatu vya njumu, na kwenye uwanja wenye unyevu wakawa wanateleza na raba zao mbele ya watu. Mabinti wa timu ya Israel, waliokuwa wapinzani wao, pamoja na wazazi wao, waliliona hilo wakawanunulia njumu timu nzima.

Ni habari ya kumshukuru Mungu, na mabinti walipiga makofi. Nami nikawauliza: Je, Dumila tutawakuta Waisraeli? Wakacheka. Safari ndefu humeza fedha yote ikabakiza miguu mitupu. Ndiyo maana tulikata safari kwanza.

KALENDA YA MVUA, YA MITIHANI NA YA MUNGU

Tulichukua kalenda ya ukutani, ile ya kanisa, tukaanza kufuta siku ambazo haiwezekani kucheza. Wiki za mitihani ya chuo zilifutwa kabla ya zote. Kisha tukafuta Desemba hadi Mei yote. Wenyeji wa Kilosa hatuhitaji kuelezwa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalikata reli na kuwaacha watu wengi bila makazi, na hiyo ilikuwa hata masika haijafika. Masika yenyewe, Machi mpaka Mei, barabara za huku kwetu ni za kumwomba Mungu, na kila mkono unahitajika shambani.

Imebaki Juni mpaka Oktoba, wakati wa ukavu na wa fedha ya mavuno. Jumapili asubuhi ni ibada. Wachezaji wawili ni Wasabato, hawachezi Jumamosi, na wao ndio walinzi wa goli. Watatu ni Waislamu. Kwao tuliangalia Ramadhani, ambayo husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, tukaona mwaka huu haigusi msimu wetu. Mama mmoja aliuliza kwa nini timu ya watoto wetu iangalie mfungo wa Waislamu. Mama mzee wa kanisa alimjibu kwamba goli haliulizi dini. Hatukurudi tena kwenye hoja hiyo.

Basi tukaona safari za mbali ziwe sikukuu za serikali na za karibu ziwe Jumapili alasiri baada ya ibada. Dumila siku ya Saba Saba, Mikumi tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Kimamba, ambako ni karibu, Jumapili moja ya Agosti. Mechi za nyumbani tatu: Juni, Agosti na Septemba.

Hapa ndipo mweka hazina wetu, mama muuza vitenge ambaye shule aliishia darasa la saba, alitufundisha kitu. Alisema fedha nayo ina kalenda yake. Si 680,000 zote zitakuwapo mwezi Juni. Akahesabu kwa vidole: kufikia Saba Saba tutakuwa na 180,000 za wachezaji, 80,000 za akina mama za miezi miwili, na 90,000 za gunia la kwanza, jumla 350,000. Katika hizo tutatoa akiba 68,000, mpira 40,000, sanduku la huduma ya kwanza 45,000, mechi ya nyumbani ya Juni 42,500, na safari ya Dumila 142,500 pamoja na chakula. Jumla 338,000. Inatosha, inabaki 12,000. Lakini kama tungeanza na Mikumi, alisema, tungekopa, na mkopo ndio ule ule wa mwenye gari.

Mechi ya nyumbani nayo ina gharama, msiidharau. Wageni 15 pamoja na dereva wao wanakula, nasi tulipanga 1,500 kwa kila mmoja, yaani 22,500. Waamuzi wawili wanapewa posho 10,000 kila mmoja. Hayo ndiyo 42,500.

NUSU NJIA

Kilio kikubwa kilikuwa Morogoro. Mabinti walikuwa wamekwisha waahidi wenzao wa huko, na mpango wao wa zamani ulikuwa kucheza Mikumi mchana, kisha kuunganisha Morogoro usiku huohuo. Ukitoka Mikumi mjini kwenda Morogoro, barabara kuu ya TANZAM inakatisha hifadhi ya taifa kwa karibu kilometa 50. Ni hifadhi tangu mwaka 1964, na tembo, nyati na twiga huvuka barabara bila kutoa taarifa. Mabasi ya abiria yalipigwa marufuku kusafiri usiku nchini mwetu miaka ya 1990, na marufuku ile ikaondolewa mwaka 2023. Ruhusa ya serikali ni kwa mabasi yaliyokaguliwa na yenye madereva wa kupokezana. Si sababu ya Hiace ya kukodi kupita hifadhini saa nne ya usiku na watoto waliochoka.

Hakuna mama wa Tanzania aliyeisahau tarehe 6 Mei 2017 kule Karatu, gari la shule lilipotumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wao 2 na dereva. Walikuwa safarini asubuhi kwenda kufanya mtihani shule nyingine. Nikiwa na wazazi siwezi kuzungumzia safari za wanafunzi bila kuwakumbuka.

Nahodha ndiye aliyepata ufumbuzi, nami natoa heshima yake hapa. Alisema, "Mama, kwani lazima twende Morogoro? Dumila iko karibu nusu njia." Na kweli. Anayetoka Kilosa na anayetoka Morogoro wanakutana Dumila baada ya mwendo unaokaribiana. Wakaandika barua, na watu wa Morogoro wakakubali kuja Dumila siku ileile ya Saba Saba. Tutacheza na wenyeji saa nne asubuhi na watu wa Morogoro saa saba mchana, mechi mbili kwa gari moja. Mama mwingine akapendekeza treni ya reli ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 inapita kwetu na kituo kipo Kilosa. Hiyo tumeiweka kwa mwaka ujao, maana tiketi za watu 14 hazikuingia katika fedha tuliyonayo. Ifakara na Dodoma zilifutwa. Hatuna fedha ya kulaza mabinti mahali penye mlango wenye kufuli, basi mwaka huu hakuna kulala.

Mwishowe tulipata mechi saba kwa safari tatu: tatu nyumbani, mbili Dumila, moja Kimamba, moja Mikumi. Magari 330,000, vyakula vya safari 67,500, vyakula vya wageni 67,500, waamuzi 60,000, sanduku la huduma ya kwanza 45,000, mpira 40,000. Jumla 610,000. Kinabaki shilingi 2,000, kiasi kilekile nilichokitoa mwaka ule bila kuuliza.

KAPU LA CHAKULA NA SANDUKU LA NESI

Tulipunguza chakula kutoka 4,000 hadi 1,500 kwa mtu kwa kupika nyumbani. Lakini sikilizeni, akina mama: msiwafungie wali wa nazi. Najua ndio utamu wetu, ila ukipikwa alfajiri na kufungwa ungali moto, ifikapo saa saba mchana ndani ya gari umeanza kuchacha, na timu nzima itatapika. Hata wali mkavu uliokaa masaa mengi katika joto si salama. Wapeni viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, ndizi mbivu, karanga. Wale kidogo saa mbili kabla ya mchezo na washibe baada yake. Maji yaliyochemshwa, si chini ya lita mbili kwa kila mchezaji. Dumu la lita 20 halitoshi, tunabeba mawili.

Sanduku langu la shilingi 45,000 lina bandeji za kuvuta, plasta, pamba, chachi, dawa ya kusafishia vidonda, glavu, mkasi, vidonge vya maumivu na pakiti za chumvi-sukari za kuyeyusha katika lita moja ya maji safi. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, basi. Jeraha la kawaida katika netiboli ni kifundo cha mguu kuteguka, kwa sababu mchezaji akidaka mpira hutakiwa kusimama ghafla. Mpumzishe, mwekee kitu cha baridi kilichofungwa kitambaa, mfunge bandeji isiyobana sana, muinulie mguu. Msimkande kwa maji ya moto siku ile, wala msimsugue! Akishindwa kabisa kukanyaga, apelekwe kupigwa picha.

Na pedi. Hakuna binti aliyeziandika katika daftari, wala mwalimu wao asingeziandika. Wapo waliokuwa wanakataa safari bila kueleza sababu, na mwalimu akiwaita wavivu. Sasa pakiti mbili zimo kwenye sanduku, na khanga nyeusi moja, na hakuna anayeulizwa.

Kila mzazi pia ananiandikia katika karatasi maradhi ya mtoto wake: pumu, selimundu, kifafa, dawa anazotumia, na namba ya simu ya watu wawili wa nyumbani. Karatasi hizo ziko kwenye bahasha iliyofungwa, anakaa nayo mama msindikizaji. Kwa njia hii nilijua kwamba mchezaji wetu mmoja ana pumu, jambo ambalo hata nahodha hakulijua, na sasa hatoki nyumbani bila kipulizio chake.

MASHARTI YA GARI

Mwenye gari tumeandikiana naye. Nusu analipwa asubuhi kabla ya kuondoka, na nusu ya pili iko mkononi mwa mama msindikizaji tangu asubuhi hiyo hiyo; dereva anaonyeshwa kwa macho, na anakabidhiwa tukifika nyumbani. Watu ni 15 pamoja na dereva, hakuna mashabiki wa kubebana. Gari linageuza kurudi si zaidi ya saa tisa alasiri, hata kama mechi ya pili haijaisha, hata kama tunaongoza. Sharti hili la mwisho lilibishaniwa usiku kucha, na bado mwalimu wao hajaridhika nalo.

Msimu umeanza vizuri kwa mechi ya nyumbani ya Juni, ambayo tulifungwa. Gunia la kwanza limeuzwa 88,000, pungufu kidogo ya tulivyokisia, na 2,000 zile zimekwisha kupata kazi. Dumila wametuthibitishia. Kimamba wametuthibitishia. Mikumi bado hawajajibu barua yetu, na gari la Oktoba halitawekewa oda kabla hawajasema saa ya kuanza mchezo, maana wakisema saa nane mchana hatuendi. Alhamisi ninakwenda Mikumi kwa shughuli za kazi, nitapita nikawaulize mwenyewe.